Kofia, Zabibu na Kuba Isiyoonekana: Msikiti wa Takkeci İbrahim Ağa

Katika vitabu vinavyosomwa vyuoni juu ya majenzi ya Dola ya Uthmaniya, msomaji aghalabu hupelekwa moja kwa moja kwenye misikiti ya masultani: Süleymaniye wa Istanbul uliomalizika mwaka 1557, Selimiye wa Edirne uliomalizika miaka kumi na minane baadaye, na ule wa Sultan Ahmed ulioanzwa kujengwa mwaka 1609. Misikiti midogo ya mitaa huja mwisho wa sura, kama watoto walioitwa wasalimie wageni kisha warudi ndani. Mwandishi hutaja jina la mjenzishaji na mwaka, husifu kigae kimoja au viwili, akapita. Nia yangu katika insha hii ni kuusoma msikiti mmoja wa namna hiyo kama tusomavyo utungo, yaani kwa kuuliza umepangwaje, unaficha nini, na kwa nini watu wameusimulia jinsi walivyousimulia. Maana msikiti huu una hadithi yake, na hadithi hiyo ndiyo iliyonivuta kwanza, mimi niliye mwalimu wa fasihi wala si fundi wa majengo.

Msikiti wenyewe uko Istanbul, nje kidogo ya ukuta wa kale, karibu na lango liitwalo Topkapı, yaani Lango la Mzinga. Lango hili lisichanganywe na jumba la wafalme lenye jina hilohilo, ambalo liko upande mwingine kabisa wa mji wa kale. Kosa hilo nimelisahihisha katika insha za wanafunzi mara nyingi hata nimechoka. Ukuta ni ule uliojengwa katika karne ya 5, zama za Theodosius wa Pili, na sehemu ya lango hili ndiyo iliyopigwa sana na mizinga mwaka 1453. Nje yake, kando ya njia zitokazo mjini kuelekea magharibi, palikuwa na bustani na makaburi, na hapo ndipo ulipojengwa, mwaka 1592, sawa na mwaka 1000 wa Hijra, msikiti unaojulikana kwa jina la Takkeci İbrahim Ağa. Takke ni kofia, na takkeci ni mshona kofia au muuza kofia. Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, na msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa kofia ni kitu gani, wala kwamba mshonaji wake si tajiri.

Kabla ya kuingia ndani yafaa tukumbuke msikiti wa mtaa ulikuwa nini katika mji ule. Daftari la wakfu za Istanbul lililoandikwa mwaka 1546 lilihesabu mitaa 219 ndani ya kuta, na mingi kati yake ilichukua jina lake kwa msikiti uliokuwa katikati. Imamu hakuwa msalishaji tu. Yeye ndiye aliyewajua wakaao mtaani, akawadhamini mbele ya kadhi, akasimamia kodi zilizotozwa kwa pamoja, na mpaka ulipoanzishwa uongozi wa muhtar mwaka 1829 hapakuwa na mkubwa wa mtaa ila yeye. Palikuwa pia na tofauti, ambayo Kiswahili nacho kinaijua, baina ya msikiti wa kawaida na msikiti wa Ijumaa: ili mimbari iwekwe na hotuba isomwe ilihitajika idhini ya Sultani. Hafız Hüseyin Ayvansarayî, aliyefariki mwaka 1787 baada ya kuandika kitabu juu ya misikiti zaidi ya 800 ya Istanbul, hachoki kutueleza ni nani aliyejenga msikiti fulani na ni nani mwingine aliyekuja baadaye akautilia mimbari. Ukimsoma utaona kwamba kwake yeye msikiti ni mlolongo wa majina ya watu na mahali walipozikwa. Kuta na kuba hazimshughulishi sana. Wataalamu wa leo wamefanya kinyume chake: wanaziona kuta na kusahau mtaa. Sijui ni hasara ipi iliyo kubwa zaidi.

Sasa tuutazame. Mtu ajaye kwa njia haoni jambo la kumsimamisha. Huona ukuta wa mawe uliozunguka bustani na makaburi, na pembeni sabili, yaani kibanda cha mawe chenye madirisha ya nondo ambamo wapita njia walipewa maji bila malipo. Nyuma yake kuna jengo la umbo la sanduku, lenye paa la miteremko lililoezekwa vigae, na mnara mmoja. Mbele ya mlango kuna baraza pana, paa lake limebebwa na nguzo za mbao, na baraza hiyo haikomei mbele bali inazunguka kidogo ubavuni huku na huku. Nasema baraza kwa makusudi. Waandishi wa Kizungu huiita sebule ya nje au ukumbi wa nguzo, na kwa misikiti ya masultani, yenye nguzo za marumaru na vikuba juu yake, maneno hayo yanafaa. Lakini hii ni baraza hasa: mahali pa kukaa na kumngoja aliyechelewa, mahali pa kusalia wasiowahi jamaa, mahali ambapo shughuli za mtaa zilizungumzwa kabla ya adhana na baada yake. Godfrey Goodwin, ambaye historia yake ya majenzi ya Uthmaniya iliyotoka mwaka 1971 ingali inasomwa, anatosheka kuuhesabu miongoni mwa misikiti ya mbao iliyosalimika. Ni kweli imesalimika, na sababu yake ni mahali ilipo. Mioto mikubwa ya mwaka 1660, wa 1782 na wa 1918 iliteketeza mitaa ya ndani ya kuta, na mbao za misikiti mingi ya namna hii zikaenda nayo. Huu ulikuwa nje, kwenye uwazi wa bustani na makaburi, moto usifike.

Ukiingia, unakuta kuba.

Hili ndilo jambo la kwanza la kulipima. Nje hapana kuba, ndani ipo. Ni kuba ya mbao iliyopandishwa ndani ya paa, ikafunikwa na paa lile la miteremko, basi mpita njia hawezi kuijua. Kwa macho ya fundi hiyo si kuba kamili. Kuba ya mawe au matofali husimama kwa nguvu yake yenyewe, nayo husukuma kuta upande wa nje hata zikahitaji kunenepeshwa au kuegemezwa. Hii haisukumi chochote, maana imening'inia kwenye miti ya paa. Katika ule mtindo wa uhakiki uliotawala nusu ya kwanza ya karne ya 20, ambao ulidai kila jengo liseme kweli juu ya nguvu zinazolisimamisha, kuba ya namna hii ingeitwa uongo. Nami nilipokuwa kijana nilikuwa na rai hiyo. Sinayo tena.

Gülru Necipoğlu, katika kitabu chake kikubwa juu ya zama za Sinan kilichotoka mwaka 2005, ametuonyesha kwamba majenzi ya karne ya 16 yalifuata adabu ya vyeo. Minara zaidi ya mmoja ilikuwa haki ya nyumba ya kifalme. Ukubwa wa kuba, mawe yaliyotumika, ua wa nguzo, vyote vilipimwa kwa cheo cha mwenye kujenga. Sinan alifariki mwaka 1588, lakini adabu haikufa pamoja naye. Tukiitazama kuba ya Takkeci kwa nuru hiyo, twaona kwamba kuificha hakukuwa udanganyifu, bali ilikuwa njia ya mtu wa cheo cha chini kupata alichokitaka bila ya kumkosea adabu aliye juu yake. Njiani amevaa kama jirani zake, ila nyumbani mwake amejipatia mbingu. Faida nyingine ni ya kawaida kabisa: mbao ni rahisi kuliko mawe, ni nyepesi, na katika mji wa matetemeko wepesi una heri yake. Sisi tuliozoea misikiti ya mawe ya matumbawe yenye dari za boriti tungeweza kuelewa hesabu hiyo upesi kuliko wanaoanzia Süleymaniye.

Kisha kuna vigae vya ukutani. Hapa lazima nikae kidogo, kwa kuwa bila ya kuvijua hatutaelewa hadithi. Vimetoka İznik, mji mdogo ng'ambo ya Bahari ya Marmara, na vimetengenezwa wakati ambapo ufundi wa mji huo ulikuwa ungali bora. Udongo wake si udongo wa mfinyanzi wa kawaida. Sehemu kubwa ni mchanga mweupe wa quartz uliosagwa na kushikamanishwa kwa unga wa kioo, ukapakwa tabaka jeupe, ukachorwa, kisha ukafunikwa kwa ung'aro usio na rangi na kuchomwa. Rangi ni buluu ya kobalti, feruzi, kijani, na ule wekundu maarufu uliotokana na udongo wenye chuma, ambao hupakwa mzito hata kidole kikipita juu yake huuhisi umeinuka. Wekundu huu ulianza kupamba majengo katika Süleymaniye, na ilipofika karne ya 17 ulikuwa ukififia kuwa kahawia, na ung'aro ukiingia ukungu. Mwaka 1592, basi, ni karibu na mwisho wa siku njema.

Katika Takkeci vigae hivi vimeenea kutani kwa wingi usiotarajiwa katika jengo la kiasi hicho. Kuna vyombo vilivyojaa maua na majani, na kuna mizabibu yenye majani yake na vichala vya zabibu. Katika msikiti wa Rüstem Paşa, uliojengwa miaka thelathini hivi kabla yake, vigae ni vingi zaidi, na michoro ni ya namna nyingi hata jicho halijui lianzie wapi. Na niseme wazi kwamba huwa natoka humo nimechoka, kama mtu aliyesomewa mashairi mia kwa mkupuo mmoja. Hapa chumba ni kidogo, na picha chache zinajirudia. Aliyekaa kitako akiegemea ukuta anakuwa na mzabibu sawa na bega lake. Mapambo yaliyobuniwa kwa ajili ya kuta za wafalme yamesogezwa hadi mahali ambapo muuza mboga anaweza kuyagusa.

Na watu waliuliza, kama ambavyo kila aingiaye huuliza: mshona kofia alipata wapi fedha ya haya?

Jibu lao ni hadithi hii. İbrahim alikuwa mshona kofia maskini aliyetamani kujenga msikiti na hana kitu. Akaota, ndoto ikamrudia, akiambiwa aende Baghdad, na huko chini ya mzabibu atapata riziki yake. Akaenda safari ile ndefu. Alipofika akaupata mzabibu, akala zabibu, na hapana lililotokea. Mtu mmoja wa huko akamwuliza habari zake, naye akamweleza. Yule akamcheka: ama kweli wewe mjinga, mimi nami nimeota mara nyingi kwamba huko Istanbul, katika nyumba ya mshona kofia mmoja, kuna dhahabu iliyofukiwa, lakini sikufunga safari kwa ajili ya ndoto. İbrahim akarudi, akachimba nyumbani mwake, akaipata dhahabu, akajenga msikiti, na zabibu zile zikachorwa kutani. Masimulizi yanatofautiana katika mambo madogo, lakini kiini ndicho hicho.

Msomaji wa Alfu Lela u Lela amekwisha kuitambua. Humo yumo mtu wa Baghdad aliyefilisika, akaota riziki yake iko Misri, akaenda, akapigwa na kufungwa, kisha mkubwa wa askari akamcheka kwa kumsimulia ndoto yake mwenyewe juu ya nyumba fulani ya Baghdad. Kabla ya hapo Tanukhi, aliyefariki mwaka 994, alikwisha kuiandika katika kitabu chake cha faraja baada ya dhiki. Jalaluddin Rumi akaitumia katika Masnavi. Waingereza wanayo yao juu ya mchuuzi wa Swaffham aliyekwenda London. Na mwaka 1935 Borges akaisimulia upya kwa Kihispania. Hadithi hii, kwa ufupi, ni msafiri mzoefu, nayo imepanga katika nyumba nyingi. Ilipofika Topkapı iligeuza njia: Baghdad, iliyokuwa mji wa kuondokea, imekuwa mji wa kuendea. Mabadiliko hayo yana sababu ya karibu. Baghdad ilikuwa imeingia katika milki ya Uthmaniya tangu mwaka 1534, basi kwa mtu wa Istanbul ilikuwa mbali sana na bado ni nchi ya mfalme wake, umbali ufaao kwa ndoto.

Hata zabibu hazitoki katika bustani ya İbrahim. Mafundi wa İznik walichora zabibu kwenye sahani zao miongo kadhaa kabla ya msikiti huu, wakiiga sahani za Kichina za zama za Ming zilizokuwa na vichala vitatu katikati, ambazo wafalme wa Uthmaniya walizikusanya kwa wingi. Mhakiki mkali angeweza kuishia hapo: hadithi imeazimwa, zabibu zimeazimwa, kilichobaki ni mwaka na jina. Nakiri kwamba kwa muda mrefu nilifundisha hivyo hivyo, nikiitumia Takkeci kama mfano wa hadithi iliyotungwa ili kueleza picha, na wanafunzi waliandika katika madaftari yao, na somo likaisha.

Lakini tuliangalie jina. Mtu huyu huitwa Ağa, na huitwa pia Çavuş. Mshona kofia wa kichochoroni haitwi Ağa, na Çavuş ni cheo. Neno hili limefika kwetu: askari wa Kijerumani wa Afrika Mashariki, ambao wa kwanza wao waliandikishwa Misri mwaka 1889 miongoni mwa Wasudani, walikuwa na shaushi, kama walivyokuwa na efendi, ambaye mpaka leo tunamwita afande. Huko shaushi alikuwa sajini tu. Katika Istanbul ya karne ya 16, walakini, çavuş alikuwa mtumishi wa baraza la dola, mbeba amri na barua, mtu mwenye mlango wa kuingilia. Mlango huo ndio uliotakikana. Vigae vya İznik vya wakati ule havikuwa vitu vya kuokota sokoni. Makarani wa Sultani waliwasukuma mafundi kwa maandishi watangulize kazi za mfalme. Aliyevipata kwa kiasi hiki alikuwa na fedha, na alikuwa na watu.

Tukumbuke pia miaka ile ilikuwaje. Sultani alikuwa Murad wa Tatu. Vita na Waajemi, vilivyoanza 1578, vilikwisha 1590 baada ya kula hazina. Katika miaka ya 1585 na 1586 fedha ya nchi, akçe, ilipunguzwa thamani vibaya, na mwaka 1589 askari waliolipwa kwa sarafu mbovu waliasi mpaka kwenye lango la jumba la mfalme, wakataka vichwa vya wakubwa, wakapewa. Miaka mitatu baadaye, nje ya Lango la Mzinga, mtu mwenye cheo anafungua msikiti uliovikwa vigae vya kifalme. Swali la mtaa, alipata wapi, halikuwa la udadisi mtupu. Lilikuwa na meno.

Hapo ndipo ninapoiona kazi ya hadithi. Inamvua İbrahim cheo, inamrudishia kofia zake na umaskini wake, kisha inampa dhahabu iliyotoka ardhini chini ya sakafu yake mwenyewe: isiyotozwa mtu, isiyopokewa chini ya meza, isiyopunjwa kwa askari. Ni fedha safi kabisa, kwa kuwa haikupitia mkononi mwa yeyote. Sisemi kwamba İbrahim alikuwa mla rushwa; hapana ushahidi wa hilo, na si haki kumhukumu marehemu kwa mwaka aliojengea. Nasema kwamba hadithi inazuia swali lisiulizwe, na anayeisimulia leo kwa watalii bila ya kulirudisha swali hilo amepokea nusu tu ya urithi. Tena dhahabu ya ndoto inawafuta watu wengine: mafundi wa İznik waliochanganya mchanga na kuchora jani kwa jani, maseremala walioipinda kuba ndani ya paa. Katika hadithi nzima anayefanya kazi ni mchimbaji mmoja, naye huchimba kwa saa moja.

Walakini kuna jambo ambalo hadithi imelisoma vizuri kuliko wataalamu. Aliyeileta hapa, awe nani, alichagua miongoni mwa hadithi zote ile inayosema kwamba mtu hupita mbali kutafuta kitu kilichofichwa nyumbani kwake, na aliileta kwenye jengo linalofanya hivyo hivyo: paa la kawaida njiani, kuba na hazina ndani. Mpangilio wa jengo na mpangilio wa hadithi ni mmoja. Nisijidanganye, lakini, nikautia uzito kupita kiasi. Msikiti wa Ramazan Efendi katika Kocamustafapaşa, kazi ya Sinan ya mwaka 1586, nao umefunikwa kwa paa la miteremko na una vigae bora vya İznik ndani, na mjenzishaji wake alikuwa mfanyabiashara mkubwa, haukuhitaji ndoto. Tofauti naiona katika neno lile moja, takkeci. Mfanyabiashara mkubwa akijenga vizuri hapana ajabu. Jina la kofia lilibaki mlangoni, cheo kikasahauliwa, na kati ya kofia na vigae pakawa na pengo ambalo ilibidi lijazwe kwa maneno.

Kuna mtu mmoja zaidi katika hadithi, naye hakuna aliyemtafutia jina. Ni yule wa Baghdad, aliyeijua nyumba ya İbrahim, aliyekuwa na ramani ya dhahabu kichwani na asiiamini, aliyempa mgeni siri nzima kwa kumcheka. Katika Tanukhi, katika Alfu Lela u Lela, na hapa Topkapı, yeye hapati kitu. Hadithi humwacha amesimama pale pale alipocheka. Msikiti peke yake ndio uliomkumbuka kidogo. Kati ya picha zote ambazo İznik ingeweza kuleta, yaliyomo kutani, bega kwa bega na wenye kusali, ni mazao ya mti uliokuwa uani kwake.